UCHAMBUZI: Mtihani wa historia unavyowafunza vijana kuhesabu hoja badala ya kuzipima

MTAHINIWA wa Kidato cha Nne anayefanya mtihani wa Historia na Serikali katika KCSE hupewa saa mbili na nusu kwa kila mojawapo ya karatasi mbili za somo hilo. Katika muda huo hutakiwa kujibu maswali mafupi 17 yenye jumla ya alama 25, kisha aandike insha tano zenye alama 15 kila moja.

Kwa hesabu nyepesi, robo tatu ya alama za kila karatasi hutokana na insha. Ni bayana basi kwamba mwanafunzi asiyeweza kuandika insha ya historia hana njia ya mkato ya kulipita somo hilo, hata akiyajibu maswali yote mafupi bila kukosea.

Hata hivyo, neno insha lina maana finyu mno katika mtihani huu. Kila swali hugawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, yenye alama tatu au tano, humtaka mtahiniwa ataje mambo fulani. Sehemu ya pili, yenye alama 12 au 10, humtaka aeleze hoja sita au tano, kila hoja ikiwa na alama mbili.

Msahihishaji huwa na mwongozo mkononi. Hoja ikitajwa tu, mtahiniwa hupata nusu ya alama zake. Ikifafanuliwa, hupata zote. Hoja ya saba haiongezi chochote pale zinapotakiwa sita. Wala hakuna alama zilizotengewa utangulizi unaovutia, mpangilio wa fikra au hitimisho lenye msimamo.

Utaratibu huo ndio uliozaa namna wanafunzi wengi wanavyojiandaa. Daftari la marudio la mwanafunzi wa historia aghalabu huwa ni orodha: sababu sita za jambo hili, matokeo sita ya jambo lile, changamoto tano za jingine. Herufi za kwanza za hoja huunganishwa kuwa neno la ajabu lisilo na maana, ambalo mwanafunzi hulikariri usiku kucha ili asisahau hoja hata moja.

Swali linaloibuka ni iwapo huko ni kujifunza historia au ni kujifunza kuhesabu. Suala hilo ni zito zaidi wakati huu ambapo mfumo wa 8-4-4 unaelekea ukingoni, huku wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi wakiwa wameingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026.

Kinyume na wanavyodhani wazazi wengi, anayeanguka katika insha za historia mara nyingi si yule asiyejua lolote. Ni yule anayejua, lakini anataja pale anapotakiwa kueleza.

Chukua mfano wa swali linaloweza kumtaka mtahiniwa aeleze sababu zilizowawezesha Wanandi kuupinga utawala wa Waingereza kwa muda mrefu, kuanzia 1895 hadi 1905. Mwanafunzi aliyekariri orodha ataandika kwamba Wanandi walikuwa na jeshi imara, walikuwa na kiongozi shupavu, na nchi yao ilikuwa na milima na misitu.

Hayo yote ni kweli, lakini hakuna hata moja lililoelezwa. Kueleza ni kuonyesha jinsi jambo moja lilivyosababisha jingine. Milima na misitu iliwafaa Wanandi kwa sababu iliwawezesha kuvizia, kushambulia ghafla na kutoweka kabla ya askari wa Uingereza kujipanga. Askari hao, licha ya kuwa na bunduki bora, walizoea kupigana na adui wanayemwona.

Vivyo hivyo, haitoshi kusema kwamba Wanandi walikuwa na kiongozi. Koitalel arap Samoei alikuwa Orkoiyot, mwenye mamlaka ya kidini yaliyovuka mipaka ya koo. Kwa hiyo, vikosi vya maeneo mbalimbali vilikuwa na mtu mmoja wa kuwaunganisha, jambo ambalo jamii nyingine zilizopigana na Waingereza hazikuwa nalo. Sentensi mbili za namna hiyo ndizo zinazotofautisha alama moja na mbili.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo hadi inapojumlishwa. Katika sehemu yenye alama 12, mtahiniwa anayetaja hoja sita bila kuzifafanua huondoka na alama sita. Akirudia kosa hilo katika insha zote tano, hupoteza takriban alama 30 kati ya 100, ilhali alikuwa na maarifa yaliyohitajika tangu mwanzo. Mtu kama huyo hakushindwa na historia. Alishindwa na kitenzi kilichokuwa mwanzoni mwa swali.

Aidha, upo mtego wa uchaguzi. Mtahiniwa huchagua insha tatu kati ya nne katika sehemu ya pili ya karatasi, na mbili kati ya tatu katika sehemu ya mwisho. Wengi husoma kipande cha kwanza cha swali, wakafurahi kukiona chepesi, na kulivamia swali zima. Wanapofika kwenye kipande cha pili hugundua wamejifunga kwa alama tatu na kuziacha 12 zikielea.

Walimu wenye tajriba huwashauri wanafunzi waanze na kipande cha pili wanapochagua. Anayekiweza kipande chenye alama 12 anaweza kumudu kukosa moja au mbili katika kile cha kwanza. Asiyekiweza, wepesi wa kile cha kwanza haumfai kitu.

Muda nao ni adui asiyeonekana. Dakika 150 zikigawanywa kwa alama 100, kila alama hupata dakika moja na nusu. Maswali mafupi yanastahili dakika zipatazo 35, na kila insha dakika 20. Kwa mpango huo mtahiniwa husalia na dakika 15 za kuchagua maswali na kuyapitia majibu yake.

Anayetumia dakika 40 kwenye insha anayoipenda ameikopa insha ya tano, na mkopo huo haulipiki. Ndiyo sababu zoezi la kuandika kwa kutazama saa lina manufaa kuliko kusoma daftari lilelile kwa mara ya kumi. Mkono nao hufunzwa, wala si kichwa pekee.

Jambo jingine lisilozungumzwa sana ni lugha. Historia katika shule za Kenya hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi huweza kumsimulia mwenzake kwa Kiswahili fasaha jinsi Mekatilili wa Menza alivyowachochea Wagiriama dhidi ya Waingereza mnamo 1913. Anapotakiwa kuyaandika hayo kwa Kiingereza, maelezo yake husinyaa yakawa maneno matatu.

Kwa mwanafunzi wa aina hiyo, orodha si uvivu bali ni kimbilio. Ni rahisi kukariri kifungu cha maneno kilichoandaliwa na mtu mwingine kuliko kuijenga sentensi yenye sababu na tokeo katika lugha asiyoimudu. Nchini Tanzania, somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili limetengewa Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za sekondari. Kenya haijachukua hatua kama hiyo, na mjadala kuhusu suala hili haujapewa uzito unaostahili.

Mwalimu naye ana mzigo wake. Insha haifunzwi kwa kuhubiriwa. Hufunzwa kwa kuandikwa, kusahihishwa na kurudishwa ikiwa na maelezo. Tuseme mwalimu ana madarasa matatu yenye wanafunzi 50 kila moja. Akiwapa wote insha moja, na kuisahihisha kila insha kwa dakika tano tu, atatumia saa 12 na nusu.

Hesabu hiyo ni ya insha moja tu, na kabla ya kuandaa masomo ya siku inayofuata. Tangu serikali ianze kutekeleza kikamilifu sera ya kuwapeleka shule za upili wanafunzi wote waliomaliza darasa la nane mnamo 2018, madarasa mengi yamefurika. Si ajabu basi mwalimu anapochagua kuwasomea wanafunzi hoja ili wazinakili.

Kuna pia mazoea ya kuyatumia maswali ya miaka iliyopita kama ramli. Wanafunzi hujaribu kubashiri mada ambayo haijatahiniwa kwa miaka kadhaa, wakaipa muda wote na kuziacha nyingine. Maswali ya awali yana faida kubwa, ila faida hiyo ni kuonyesha namna maswali yanavyoulizwa, si kutabiri yatakayoulizwa.

Mazoea hayo yana mizizi katika kipindi ambacho taifa halingependa kukirudia. Katika KCSE ya 2015, matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutiliwa mbali kwa sababu ya udanganyifu. Mwaka uliofuata, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, na mwenyekiti wa Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC), marehemu Profesa George Magoha, walikaza kamba. Idadi ya waliopata gredi ya A ilishuka kutoka 2,685 hadi 141.

Wataalamu walitofautiana kuhusu chanzo cha anguko hilo. Lakini funzo moja kwa walimu wa masomo ya insha lilikuwa wazi. Orodha ya hoja ni rahisi kuvuja, kunakiliwa na kusambazwa kwa simu. Uwezo wa kueleza hauwezi kusambazwa na mtu yeyote.

Kufikia hapa, lawama zingeweza kuelekezwa kwa mwanafunzi na mwalimu pekee. Hilo halingekuwa haki. Mtihani wenyewe una upungufu ambao hata mtahiniwa hodari hawezi kuuziba.

Upungufu wa kwanza ni kwamba hauna nafasi ya kupima. Turejee kwa Wanandi. Mtahiniwa akishaeleza hoja sita za upinzani wao, kazi imekwisha. Hakuna anayemuuliza ni ipi iliyokuwa na uzito zaidi.

Ilhali hapo ndipo historia inapoanzia. Koitalel aliuawa Oktoba 19, 1905 na Richard Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Uingereza, na upinzani ukasambaratika muda mfupi baadaye. Je, hilo linathibitisha kwamba uongozi wake ndio uliokuwa nguzo, na kwamba milima na misitu isingetosha? Au upinzani ulizimwa na ukubwa wa kikosi kilichotumwa na Waingereza mwishoni mwa mwaka huo, na ungezimwa hata kama Koitalel angekuwa hai?

Swali hilo halina jibu moja la kukaririwa. Mwanafunzi analazimika kuziweka hoja mizanini, achague upande na autetee kwa ushahidi. Katika mtihani wa sasa, anayefanya hivyo hapati alama ya ziada. Huenda hata akajipotezea muda.

Upungufu wa pili unahusu vyanzo vya historia. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hufundishwa mapema kwamba historia hutokana na masimulizi ya wazee, maandishi, mabaki ya kale, lugha na kadhalika. Huambiwa faida na udhaifu wa kila chanzo. Baada ya hapo hupita miaka minne bila kuwekewa mbele yake, katika mtihani huo wa kitaifa, barua moja, picha moja au hotuba moja ya zamani na kutakiwa aseme iwapo inaaminika na kwa nini.

Hali ni tofauti nchini Afrika Kusini. Katika mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili huko, karatasi ya historia huchukua saa tatu na huwa na alama 150. Mtahiniwa hujibu maswali matatu ya alama 50 kila moja. Angalau moja lazima liwe la kuchambua vyanzo, na angalau moja liwe insha.

Insha hiyo hutarajiwa kuwa na msimamo unaodumishwa tangu mwanzo hadi mwisho, na msahihishaji hupima yaliyomo pamoja na jinsi yalivyopangwa. Mfumo huo una kasoro zake, na huko pia wapo wanaokariri insha nzima kabla ya mtihani. Lakini angalau mtahiniwa hujua kwamba kujenga hoja ni sehemu ya kinachopimwa.

Watetezi wa mtindo wa Kenya wana sababu zao, na si sababu za kupuuzwa. Watahiniwa wa KCSE mwaka 2024 walikuwa zaidi ya 960,000. Hata kama si wote wanaosoma Historia, vijitabu vya majibu ni vingi, muda wa kuvisahihisha ni mfupi na wasahihishaji hutoka kila pembe ya nchi.

Mwongozo wenye hoja zilizohesabiwa humlinda mtoto wa kijijini. Huhakikisha kwamba jibu lake linapata alama zilezile, liwe limesahihishwa na mtu mkali au mpole, asubuhi au jioni. Ukimwachia msahihishaji uhuru wa kupima mtiririko na msimamo, umemwachia pia uhuru wa kupendelea Kiingereza cha shule za kifahari.

Hoja hiyo ina mashiko. Hata hivyo, haizibi pengo lililopo. Haki ya kupata alama sawa kwa majibu sawa ni muhimu, lakini mtoto wa kijijini ana haki nyingine pia: kufunzwa kile ambacho mwenzake atakifunzwa chuoni au nyumbani, yaani kuuliza, kutilia shaka na kuthibitisha. Mtihani usiopima jambo huwa umeamua, kimyakimya, kwamba jambo hilo lisifundishwe.

Kwa nini taifa lijali jinsi kijana wa miaka 18 anavyoandika insha? Jibu limo katika historia yenyewe ya Kenya.

Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952 ili kuwakabili Mau Mau. Marufuku dhidi ya kundi hilo iliendelea kuwa katika sheria za Kenya hata baada ya uhuru, na haikuondolewa hadi 2003. Kwa miongo mingi, wazee walisimulia mateso waliyoyapata kambini, na masimulizi yao yakachukuliwa na wengi kuwa hadithi za walioshindwa.

Wazee hao walipoishtaki serikali ya Uingereza jijini London, kesi yao ilijengwa kwa vyanzo viwili ambavyo kila mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anavijua kwa majina: masimulizi na nyaraka. Mnamo 2011, Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imehifadhi katika jengo la Hanslope Park maelfu ya faili zilizoondolewa kutoka makoloni yake ya zamani, zikiwemo za Kenya. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett walitoa ushahidi wa kitaalamu.

Juni 2013, serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Fidia hiyo haikupatikana kwa kuorodhesha sababu sita za vita vya Mau Mau. Ilipatikana kwa sababu kulikuwa na watu waliojua kusoma waraka wa zamani, kuulinganisha na maneno ya mzee, na kujenga hoja ambayo wapinzani hawakuweza kuibomoa.

Upande wa pili wa sarafu ni mchungu zaidi. Tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ilibaini kwamba watu 1,133 waliuawa. Miongoni mwa vyanzo vilivyotajwa ni dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi. Kila upande ulikuwa na masimulizi yake kuhusu nani alifika wapi kwanza, nani alipewa nini na nani alinyang'anywa.

Masimulizi hayo bado yapo, na husikika kila msimu wa kampeni unapowadia. Mwanasiasa husimama jukwaani akadai historia iko upande wake. Kijana aliyezoeshwa kupokea hoja sita na kuzikariri hana silaha ya kumkabili. Kijana aliyezoeshwa kuuliza ushahidi uko wapi, na nani aliuandika na kwa nia gani, angalau atasita kabla ya kuokota jiwe.

Ndiyo maana mabadiliko yanayoendelea katika elimu yanastahili kutazamwa kwa makini. Watahiniwa wa mwisho wa KCPE walifanya mtihani huo 2023, nao ndio wanaotarajiwa kufunga ukurasa wa KCSE ya mfumo wa 8-4-4 mwaka 2027. Wanafunzi wa CBC walioingia sekondari pevu 2026 watafika mwisho wa Gredi ya 12 mnamo 2028.

Katika sekondari pevu, somo hilo limepewa jina la Historia na Uraia, na limewekwa katika mkondo wa Sayansi za Jamii. Jina jipya pekee halitoshi. Iwapo karatasi ya 2028 itakuwa na orodha zilezile zilizovishwa kanzu mpya, walimu watarejea kwenye orodha zilezile, nao wachapishaji wa vitabu vya marudio watafuata nyuma.

Chini ya mtaala huo, tathmini inayofanyiwa shuleni ina nafasi kubwa. Katika kuwateua wanafunzi wa Gredi ya 10, alama za mtihani wa KJSEA zilichangia asilimia 60, tathmini za shuleni asilimia 20 na mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 asilimia 20. Lengo ni jema: mtoto asihukumiwe kwa mtihani mmoja pekee.

Lakini kwa somo la insha, lengo hilo limekumbana na changamoto mpya. Programu za akili unde zinaweza kuandika insha ya historia kwa sekunde chache, yenye hoja sita zilizofafanuliwa vyema kuliko wafanyavyo wanafunzi wengi. Kazi ya kuandikia nyumbani haiwezi tena kuchukuliwa moja kwa moja kuwa ushahidi wa uwezo wa mwanafunzi.

Kwa hiyo, insha inayoandikwa kwa mkono darasani, mwalimu akitazama, haijapitwa na wakati. Thamani yake imeongezeka. Kinachopaswa kubadilika ni swali linaloulizwa na kigezo kinachotumiwa kulisahihisha.

KNEC haihitaji kupindua kila kitu. Inaweza kuanza kwa swali moja tu katika kila karatasi linalomwekea mtahiniwa chanzo kifupi, kama vile aya ya barua ya gavana au ushahidi wa mwanakijiji, na kumtaka akitathmini. Inaweza pia kutenga alama tatu au nne katika insha moja kwa ajili ya hitimisho linalopima hoja zilizotangulia. Alama hizo chache zingetosha kubadilisha kinachofanyika darasani, kwa kuwa mwalimu hufundisha kinachotahiniwa.

Wizara ya Elimu nayo haiwezi kudai insha bora huku mwalimu mmoja akiwa na mamia ya wanafunzi wa kusahihishia. Pale ambapo walimu hawatoshi, wanafunzi wanaweza kufunzwa kusahihishana wakiwa na mwongozo mkononi. Zoezi hilo lina faida maradufu, kwani anayesahihisha insha ya mwenzake hujifunza kuiona kasoro ambayo haioni katika yake.

Kwa mtahiniwa wa KCSE ya sasa, mageuzi hayo hayatafika kwa wakati. Mtihani atakaoukuta ni ule ule wa hoja na alama mbilimbili. Hata hivyo, njia bora ya kujiandaa kwa mtihani huo mfinyu ndiyo njia bora ya kujifunza historia pana.

Badala ya kukariri hoja sita, na aandike kila hoja kisha ajiulize: kwa nini? Jibu la swali hilo ndilo ufafanuzi, na ndilo alama ya pili. Badala ya kuzitenga mada kama visanduku, na achore mstari wa miaka unaoonyesha lililotangulia na lililofuata, ili asije akaweka Waraka wa Devonshire wa 1923 kabla ya kukamatwa kwa Harry Thuku mwaka 1922. Na kila wiki aandike angalau insha moja kwa dakika 20, kwa nathari wala si kwa vitone, kisha aisome kwa sauti.

Mwisho, na asiidharau simulizi. Mwanafunzi anayeweza kumwelezea nyanya yake, kwa lugha yoyote, kwa nini reli iliyojengwa kutoka Mombasa kuanzia 1896 iliibadilisha nchi nzima, tayari ameielewa mada. Kilichosalia ni kuihamishia karatasini.

Waliotangulia walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wanafunzi wamekuwa wakiinama kwa miaka mingi, wakizikusanya hoja moja baada ya nyingine. Ni zamu ya wanaotunga mtihani kuinama pia, na kuuliza hoja hizo zote zilikusudiwa kumfikisha kijana wapi.